Mti Ndani ya Debe

Jumatatu, 1 Oktoba 1956. Iringa.
Crispin kaweka mti sebuleni! Mti mzima, ndani ya chungu, kama kwa bwana shauri, Mzungu wa boma. Mwalimu wa darasa la pili tu! Esta, binti ninayetaka kumposa, kauona, sasa mji mzima unasema Crispin mstaarabu. Mimi, karani wa boma, nina viti viwili na kalenda. Jumapili baba mdogo wa Esta, Mzee Abrahamu wa Kalenga, anakuja kunitazama kabla ya kupokea posa. Lazima nipate mti. Mkubwa kuliko wake.

Jumatano, 3 Oktoba.
Nimemwomba Gideoni, mtunza bustani ya bwana shauri, mche mmoja. Kakataa. Miche imehesabiwa. Nikamkumbusha kwamba sote wawili ni Wanyakyusa. Akajibu ndiyo sababu kaihesabu.

Alhamisi, 4 Oktoba.
Nimeupata! Ofisini nilisema nina homa, nikapanda baiskeli kuelekea Kalenga. Kando ya njia, miti miwili, majani marefu kama ya mahindi, mibichi ingawa nchi yote imekauka. Hakuna nyumba, hakuna ua, hakuna mtu. Mali ya Mungu. Nimechimba mmoja kwa panga, mgongo hauna hali. Mawe tele kuuzunguka. Sijui nani hakuwa na kazi akayapanga.

Ijumaa, 5 Oktoba.
Nimeupanda kwenye debe, nikalipaka rangi nyekundu. Majani nimeyafuta kwa samli. Naumwagilia chai inayobaki, na majani yake. Crispin kaja kuchungulia, kasema mti huo hauwekwi ndani. Wivu umemkaba.

Jumapili, 7 Oktoba.
Heri ningekuwa na homa kweli. Mzee Abrahamu kaja na Esta. Mlangoni kasimama, kavua kofia, kainama. “Kamwene, baba.” Nikadhani ananiamkia mimi, nikaitikia. Kumbe anaamkia debe! Akauliza mti umetoka wapi. Nikasema Nairobi. Akaweka kidole kwenye kovu la shina, akasema alilikata mwenyewe siku waliyoupanda juu ya kaburi la baba yake.

Esta kachungulia ndani ya debe.

“Yotamu, umempa babu yangu makapi ya chai?”

Nikaanza kuyaokota.

Jumatatu, 8 Oktoba.
Nimeurudisha, nimeubeba mgongoni. Njia nzima watu wakinivulia kofia, si kwa ajili yangu. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Mzee akasema marehemu hakujua Kiswahili, nianze upya. Nikarudia Kihehe chake neno kwa neno. Halafu akaniambia posa yangu niitafutie mlango mwingine. Nimelia njiani. Nilimpenda yule binti.

Jumapili, 14 Oktoba.
Kanisani wametangaza ndoa. Esta na Crispin. Mchungaji kauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kanisa zima likanigeukia mimi. Nikakohoa.

Jumapili, 28 Oktoba.
Yamepita. Nimetafakari sana, kosa nimeliona: nilichimba karibu mno. Jana nimepanda lori mpaka Nyololo, mbali, hakuna anayenijua. Nimepata mti ule ule, mnene zaidi, nao umezungukwa na mawe mazuri. Safari hii nimebeba na mawe. Sebule inapendeza. Nimeona binti mwingine, Marta; Jumamosi baba yake, dresa wa kufunga vidonda hospitalini, anakuja kunitazama. Kwao ni Nyololo. Atafurahi kuona kitu cha nyumbani.