Ombi la Kukamatwa Rasmi

Langoni, Amu.

Kwa Bwana Mkuu wa Kituo cha Polisi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, chai iko mezani na hakuna anayekusumbua. Mimi ni Madi Abubakr, fundi wa chokaa. Nalalamika, kwa heshima zote, kwamba askari wako wamekataa kunikamata.

Kisa chenyewe ni hiki. Kitambulisho changu kilitumbukia kwenye shimo la chokaa, kikaisha. Nilipokwenda kuomba kingine, mashine ya alama za vidole ilinyamaza kimya. Miaka thelathini ya kupaka kuta imekula mistari yote ya vidole vyangu. Karani akaniambia kwamba kwa mujibu wa mashine, mimi sipo. Bila kitambulisho hakuna pasipoti, na mke wangu, Bi Mwanaarabu, amepata nafasi mbili za Hija. Kikundi chao chaondoka mwezi ujao. Kaniambia: "Mimi siendi peke yangu. Nti ikiwa haikuyui, fanya ikuyue." Neno hilo, kwamba nchi yangu hainijui, limeniuma sana.

Nikawaza: serikali haimfungi mtu asiyekuwapo. Basi nikifungwa, nipo. Nikaanza kuasi, kwa adabu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa Rajabu nilitangaza mgomo. Ukuta wa ofisi ya karani yule unabambuka, na fundi wake ni mimi. Nikaweka mwiko chini. Huu mwezi wa nne sijagusa chokaa. Hakuna aliyenitisha wala kunibembeleza. Karani amesogeza meza tu.

2. Niliandamana bila kibali, kutoka msikitini hadi mlangoni pa ofisi, nimebeba bango lenye neno NIPO. Koplo Nerea akanieleza kwa upole kwamba mtu mmoja si maandamano, ni mpita njia.

3. Ijumaa iliyofuata nikaja na jirani yangu, Bwana Shuaib, mtu mwenye imani na kitambulisho. Tukawa wawili. Koplo akachukua majina yetu, langu likakataa kuingia kwenye kompyuta. Bwana Shuaib akakamatwa, na hati ya mashtaka inasema alikusanyika peke yake kinyume cha sheria.

4. Nilimpelekea chakula. Mlango wa seli ulikuwa wazi, nikaingia, nikakaa. Wakati wa kuhesabu mahabusu, kitabu kikasema watatu, vichwa vikawa vinne. Walihesabu mara tano. Mwishowe nikatolewa nje kwa kosa la kuharibu hesabu. Sahani yangu ilibaki, ikaandikwa kitabuni. Sahani, Bwana Mkuu, inatambuliwa na dola kuliko mwenyewe!

Hata kuasi kuna haki zake. Raia akivunja sheria halafu serikali ikatazama kando, amebakiwa na nini cha kuvunja?

Kwa hivyo naomba nikamatwe kabla ya Jumatatu, siku ya kesi ya Bwana Shuaib, nisimame kizimbani niseme tulikuwa wawili. Alikuja kwa ajili yangu. Sipati usingizi yeye akilala sakafuni. Ukikataa, nitakuja na watu wote wa Langoni wasio na kitambulisho, tutajaa kituoni mwako, na hutamwona mtu.

Nisalimie Koplo Nerea, mahabusu wote, na aliye zamu ya kuhesabu. Bi Mwanaarabu naye anakusalimu, japo kwa sauti ya chini. Badala ya sahihi natia dole gumba, ulione mwenyewe lilivyo tupu.

Wako katika uasi na utiifu,
Madi Abubakr

N.B. Bi Mwanaarabu amelitazama dole hilo kabla sijafunga bahasha. Mistari yote imerudi! Kumbe ni ule mgomo, miezi minne bila chokaa. Tumekimbilia ofisini, mashine imelia, karani ameniita kwa jina langu, na mimi nimetokwa na machozi mbele za watu. Ila naambiwa mwenye kesi hapewi pasipoti. Tafadhali malalamiko ya hapo juu uyahesabu kama hayakuandikwa. Nayatuma kwa kuwa karatasi ninayo hii moja tu. Sijawahi kuandamana. Na kuhusu Jumatatu, nimeisoma upya hati ya mashtaka na naona iko sawa. Bwana Shuaib alikuwa peke yake.