Kitambaa Kilichokataa Kulala

12 Julai 1987, Jumapili

Mdomo wangu umeniponza tena. Kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa hapa Matiliku, Mbinya alisimama akauliza nani atafuma kitambaa cha meza ya mhubiri. Alikuwa anajitafutia sifa mwenyewe. Nikamkatiza. Nikasema mimi Kaluki nafuma krosheti tangu shuleni. Mama mchungaji akafurahi, akasema nikikileta Jumapili ijayo nitakuwa mwalimu wa kundi. Mbinya akameza mate. Tamu kweli. Shida ni moja tu: ile sindano ya krosheti sijawahi kuishika.

14 Julai, Jumanne

Nimekwenda kwa Sauda mwenye duka la nyuzi. Vitambaa vyote vya makochi yake amefuma yeye. Nilitaka kununua kimoja. Amekataa, amesema Mbinya anavijua vyote kwa macho. Basi anifundishe. Funga kitanzi, ingiza sindano, vuta uzi, rudia. Huo ni mnyororo. Wangu umekaza hadi sindano haipiti. Amesema nilegeze mkono, sifungi mbuzi.

16 Julai, Alhamisi

Nimelegea. Sasa mduara. Sauda ameonya kwamba kila mzunguko niongeze vishono mpaka mwisho, la sivyo kitambaa hakitalala bapa mezani. Nimeitikia kwa adabu tu. Mimi niliyesuka viondo, vikapu vyetu vya kitako cha mviringo, tangu utotoni nifundishwe mduara? Nimerudi nyumbani nikaendelea mwenyewe. Kimelala vizuri mno. Nimemwambia mume wangu Musembi aanze kuniita mwalimu.

18 Julai, Jumamosi

Balaa. Mikono imefanya ilivyozoea kwenye vikapu. Kitako kilipotosha, haikuongeza vishono tena, na kuta zikapanda. Nina kiondo kidogo cha uzi mweupe. Nimekipiga pasi. Nimekikalia. Nimekiwekea jiwe la kusagia. Nikikiachilia kinainuka. Sauda amefunga duka, yuko arusini Kitui mpaka kesho jioni. Mbinya atanicheka hadi nihame kanisa. Naogopa kweli. Musembi ameshauri niseme ukweli. Sikuolewa naye kwa ajili ya ushauri.

19 Julai, Jumapili

Asante Mungu! Mbinya aliningoja mlangoni, akataka nikitoe mbele ya wote. Nikakitoa. Kikasimama mkononi. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma, na mtoto mchanga wa mama mchungaji alikuwa analia, kichwa wazi. Sijui nani aliusukuma mkono wangu. Nikamvika kichwani. Kimemtosha kabisa, akanyamaza.

Mama mchungaji ametokwa na machozi. Amesema wengine wanawaza meza, Kaluki amemkumbuka mtoto. Nikakaa kwenye benchi nikicheka peke yangu. Mbinya akauliza, na meza je? Mama mchungaji akamjibu kwamba meza haisikii baridi.

Basi mimi ni mwalimu. Wameniuliza kama najua na sweta za watoto. Nimewaambia sweta ndizo nilizoanzia. Kesho asubuhi niwahi kwa Sauda, nimuulize mkono wa sweta huanzia wapi. Aniambie kwa ufupi tu, mengine nitajua mwenyewe.