Saa Moja ya Hadubini

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Hadubini ya elektroni, ile tunayogawana na vyuo vingine vitatu, iko kwetu mpaka Ijumaa. Ina kimo cha kabati na inanguruma kama friji. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu amepewa saa moja. Moja! Mimi nachunguza nyayo za sisimizi: wanapandaje kioo bila kuteleza? Ijumaa lazima nimwonyeshe mwalimu wangu picha tatu safi, la sivyo utafiti wangu unangoja muhula ujao na wenzangu wananiacha. Nikajiandikisha mara mbili kwenye daftari la zamu, mara ya pili kwa jina la kubuni na mkono wa kushoto. Fundi wa mtambo, tunayemwita Mzee Glavu, akaniuliza huyu mwenye mwandiko wa kuku ni nani. Nikasema simjui. Akamfuta.

Jumanne, 4 Machi

Saa yangu. Glavu zinanitoa jasho, nikazivua Mzee alipogeuka. Kibano kikanishinda, nikatumia vidole. Nikajikuna kichwa kidogo, nikitafakari. Sampuli ikapakwa utando wa dhahabu, ikaingizwa mtamboni, hewa ikafyonzwa. Na kwenye skrini: gamba! Tabaka juu ya tabaka! Sisimizi ana magamba! Nikatoka mbio kuwatangazia walio kwenye foleni. Yule dada anayechunguza chavua za maua, hasimu wangu tangu mwaka wa kwanza, nikamwambia ajiandae kunisoma vitabuni.

Narudi, Mzee Glavu anatazama skrini, kisha kichwa changu, kisha skrini. Akasema kwa upole kwamba ile ni mba. Mba yangu mwenyewe, imepakwa dhahabu. Na saa imekwisha. Dada wa chavua alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumatano, 5 Machi

Sikati tamaa. Nimesoma kanuni zilizobandikwa mlangoni, hata zile za maandishi madogo: kikundi cha watu wawili waliopata mafunzo ya usalama hupewa saa ya ziada. Haikuandikwa kwamba wote wawili wawe wanafunzi! Nilianza na dada wa chavua, nikanyenyekea kabisa. Akauliza kama mba si mwanakikundi tayari. Wengine walijifanya wana simu za haraka.

Amebaki shangazi yangu ninayekaa kwake, fundi cherehani. Nikamwambia chuo kinamhitaji kesho kwa jambo la heshima. Akauliza nimeharibu nini tena. Nikamwambia shangazi, wewe nawe! Mwishowe akakubali, ila nimpigie pasi mapazia ya mteja. Nimeyapiga. Moja limeungua kidogo, nimelikunja kwa ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi alivaa nguo ya harusini. Mafunzo ya usalama akayamaliza kabla yangu. Nilitaka kumkalisha kwenye kiti apumzike, mimi nishike kazi, lakini Mzee Glavu akampa kibano. Shangazi akavaa miwani, akazuia pumzi, akaulaza mguu wa sisimizi kwenye gundi kama anapachika kifungo. Mara moja tu! Mimi nikaambiwa nisimame mlangoni, kichwani nimefungwa kilemba cha kitambaa cha Mzee cha kufutia meza.

Picha ikatokea. Vinyweleo maelfu, vimelala upande mmoja. Nikauacha mlango, nikaisogelea skrini. Kiumbe ninayemkanyaga kila siku bila kujua, na mguuni ana yote yale! Shangazi akasema, "Mwanangu, mbona hii ni mahameli." Tukapata picha tano. Mzee Glavu akamwita Shangazi "mwalimu" mara mbili. Mimi hajawahi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeng'ara mbele ya darasa! Yaani, mpaka mwalimu wangu alipouliza kwa nini vinyweleo vimelala upande mmoja. Nikasema ni swali zuri. Nikasema tena. Dada wa chavua akaanza kutabasamu. Ndipo Shangazi, aliyekuja kusikiliza na kukaa nyuma, akanyoosha mkono. Akaeleza kwamba mahameli ukiipapasa huku inateleza, ukiipapasa kule inakamata. Basi huyu mdudu akitaka kushika anavuta, akitaka kuachia anasukuma. Mwalimu akaliandika lile wazo na kusema ndilo la kupima katika awamu ijayo. Nimepita! Nimepita! Nimeagizwa nimtaje Shangazi kwenye ripoti kama mtafiti mwenza. Nimemtaja, ukurasa wa mwisho, chini.

Hata dada wa chavua alimpa mkono. Na hadubini ikirudi kwetu, Shangazi atawafundisha wa mwaka wa kwanza kushika kibano, naye atapewa saa yake mwenyewe. Saa nzima!

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi anataka kuitumia saa yake kuangalia uzi wa hariri, kwa raha zake. Anaimba tangu asubuhi. Namfurahia kwa dhati. Ila uzi kitu gani, mbele ya sayansi? Kwa hiyo, alipotoka kumpelekea mteja mapazia, nimechukua kikopo anachowekea uzi wake wa hariri na kuufunga mguu wa sisimizi kwenye uzi huo, kwa vidole vyangu, fundo moja safi. Zamu yake ikifika, picha zitakuwa za sisimizi wangu. Hataona. Mshona nguo atajulia wapi vitu vidogo namna hiyo?