Kuhusu Droni ya Anayeanza, na kwa Nini Nadai ya Kilo Sita

Kwa Mhariri wa ukurasa wa Mashine na Maisha, gazeti la Jumapili

Ndugu Mhariri,

Natumai barua hii inakukuta umeketi, maana ukiwa umesimama itakukalisha. Huku kwetu wote hatujambo, isipokuwa goti moja la mjomba wangu, na kwa kweli goti hilo ndilo linalokuandikia. Mimi nimeshika kalamu tu.

Mjomba ni fundi paa. Mwaka wa thelathini na moja huu yuko juu ya nyumba za watu. Mimi ni mtoto wa dada yake, nina miaka ishirini na miwili, napiga naye bati, na chochote ninachokijua zaidi ya nyundo nimejifundisha mwenyewe: kuchomelea, kufufua redio, kuendesha pikapu kinyumenyume kwenye kichochoro. Wananiita Chapuchapu. Sijawahi kuuliza kwa nini, sina muda.

Sasa daktari amemkataza Mjomba kupanda ngazi. Mjomba amemjibu daktari kwamba paa halikaguliwi kwa maneno. Na Jumamosi hii tunatakiwa kukagua paa la kiwanda cha mikate, ambalo linavuja juu ya magunia ya unga, na paa lile ni refu, limesimama wima kama limeudhiwa. Basi tumepatana hivi: nikimwonyesha panapovuja kwa kamera ya droni, yeye akiwa chini, ngazi anaiacha moja kwa moja, mpaka kufa. Nikishindwa, anapanda mwenyewe na goti lake linalolia kriki-kriki kama kitasa kibovu.

Dukani kwa Dada Chaja, muuza simu wa mtaani kwetu, kuna droni mbili. Moja ni ndogo, gramu mia mbili na arobaini. Nyingine ni ya kilo sita, ina mikono sita, miguu kama ya panzi, na ikiwashwa mbwa wa mtaa mzima wanakumbuka kwao. Nilichagua kwa sekunde nne, na hujanisikia nikisema ile ndogo. Lakini Jumapili ukatoa makala yako ya "Droni ya Kwanza kwa Anayeanza". Mjomba akaisoma mara mbili, akaikata kwa mkasi wa bati, akaibandika kwa lami ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Mjomba haamini mdomo wa mtu, anaamini kilichochapwa. Gazeti limesema ndogo, basi ndogo. Dada Chaja katuazima hiyo ndogo tuijaribu mpaka Jumamosi, kisha tuamue.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Hilo neno "anayeanza". Umeliandika mara kumi na tisa, nimezipigia mstari kwa penseli ya seremala. Ndugu Mhariri, mimi sianzi. Nimetazama video za droni mpaka simu ikawa moto kama pasi. Kichwani nimesharuka milima, nimesharuka mito, nimeshatua juu ya treni inayokwenda. Kilichobaki ni kushika rimoti tu, na hilo ni jambo dogo la vidole. Halafu wewe unaniambia nianze polepole! Mtoto akizaliwa, kuna mtu anamwambia apumue kidogokidogo kwanza, mapafu ya wakubwa atayatumia akizoea?

2. Uzito. Umeandika kwamba chombo chepesi kinamfaa mgeni wa kazi kwa sababu kikianguka hakiumii sana. Hapo umewatukana mafundi wote wa paa. Sisi kifaa tunakichagua hivi: unafumba macho, unawekewa kiganjani, unakisikiliza. Kikikaa kama mzigo, unanunua. Kikikaa kama salamu, unarudisha. Nyundo ya Mjomba ilichaguliwa hivyo kabla sijazaliwa na bado inapiga. Basi pale dukani Mjomba kafumba macho, kanyoosha mkono. Dada Chaja kaiweka droni. Mjomba akasubiri. Akasubiri. Mwishowe akasema, "Haya mwanangu, iweke basi, mkono unachoka."

Ilikuwa tayari ipo! Dada Chaja alicheka mpaka akashika kaunta. Na mzee huyuhuyu, aliyewahi kumrudishia muuza vifaa patasi kwa kuwa "inaelea," akafumbua macho, akaitazama, akasema, "Gazeti limesema nyepesi." Akaichukua. Unaona ulichofanya?

3. Kinga za mapanga. Umeshauri mapanga ya droni, yale yanayozunguka, yazungushiwe kinga za plastiki, na siku ya kwanza mtu arushe ndani ya chumba kikubwa. Tukarusha ndani ya karakana. Ilienda ikagonga ukuta, ikarudi. Ikagonga rundo la mabati, ikarudi. Ikagonga kalenda, ikarudi. Ilikuwa kama nzi aliyesoma adabu. Mkaza mjomba akaingia na taulo la jikoni, akaichapa mara tatu akidhani ni popo, nayo ikampisha tu kila mara na kukaa pembeni kumngoja. Upepo wake ukainua vumbi la chokaa, tukatoka nje sote weupe, hatujuani, mpaka Mjomba alipokohoa.

Na baada ya yote hayo hakuna aliyeumia! Hakuna kilichovunjika! Sasa mimi nauliza, mtu atajifunzaje?

4. Kitufe cha kurudi nyumbani. Hapa nina uchungu hasa. Umeandika kwamba mwanagenzi achague droni yenye kitufe hiki, akipotewa na mambo abonyeze tu, nayo itarudi yenyewe kwa msaada wa setilaiti. Vizuri. Lakini hukusema kwamba kwa droni, nyumbani ni pale ilipoinukia. Vifaa vyetu sisi nyumbani kwao ni nyuma ya pikapu, vinalala humo, vinaamka humo, hata koleo lingekuwa na akili lingekwambia. Kwa hiyo nikairusha kutoka nyuma ya pikapu, iliyokuwa imeegeshwa kivulini, na Mjomba akaondoka nayo hiyo pikapu kwenda kuchukua misumari.

Kinyozi wa mtaa, ambaye kivuli kile amekitamani tangu asubuhi, hapohapo akasogeza kiti chake na mteja akiwa juu yake, kanyolewa nusu, kafumba macho. Mimi huku nabonyeza kitufe, najisifu. Droni ikarudi nyumbani, Ndugu Mhariri. Ikashuka taratibu, kwa heshima, ikakaa juu ya kile kichwa upande ulionyolewa. Kinyozi akaganda na mashine mkononi. Mteja hakufumbua hata jicho moja. Akasema, "Aa, hii mpya ina upepo mzuri, endelea nayo."

Sasa watu wanne wamekwenda kwa kinyozi kuulizia mashine ya upepo, na kinyozi ananidai mimi maelezo. Droni ya kilo sita isingeweza kukaa kichwani mwa mtu bila mtu kujua. Hiyo ni hoja ya usalama.

5. Ukimya wake. Umeisifia kwamba haipigi kelele, haitawasumbua majirani. Jana mchana niliipeleka juu ya mtaa kufanya mazoezi ya kamera. Nikaona magari, nikaona matangi ya maji, nikaona mpira uliopotea mwaka juzi. Nikafika juu ya karakana yetu wenyewe. Paa la karakana ni fupi, hata mtoto analipanda. Na juu yake alikuwa amekaa Mjomba.

Nilijua mara moja anafanya nini. Alikuwa analijaribu goti kabla ya Jumamosi, kwa siri. Ngazi ilikuwa chini yake palepale, hatua mbili. Mkono mmoja umeshika kofia ya paa, lile bati la kileleni, wa pili unagusa misumari mmoja mmoja, kama anayeihesabu. Aliihesabu dakika kumi. Paa lile lina misumari michache, sote tunaijua idadi. Nikasogeza kamera kidogo, nikaona mkono ulioshika umekuwa mweupe kwenye vifundo. Alikuwa hawezi kushuka.

Nikairudisha droni, nikaenda karakana nikiimba kwa sauti kubwa sana, nikamwambia nahitaji kupanda kuchukua kitu, hebu ashuke kwanza anishikie ngazi vizuri. Akashuka, mguu ukiongozwa na bega langu. Akanituma maji ya kunywa.

Ingekuwa ile ya kilo sita, Ndugu Mhariri, angeisikia tangu mtaa wa pili. Angejipanga. Droni ndogo imeniingiza mahali ambapo hakuna mtu anayepaswa kuingia bila kubisha hodi, na ndiyo sababu siwezi kukubali Jumamosi tubahatishe. Pale kwenye kiwanda cha mikate kuna upepo, kuna bomba la moshi, kuna paa lililoudhika. Nahitaji chombo kinachofika, kinachosimama, kinachoonekana. Mzee hapandi kule. Hilo kwangu limekwisha, kinachobaki ni wewe kuandika.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yafanyike kwa mpangilio huu.

(a) Uchape masahihisho, kwa herufi ambazo Mjomba atazisoma bila miwani, ukisema: "Samahani, tulikosea. Anayeanza aanze na kubwa."

(b) Kwa kuwa gazeti lako hutoka Jumapili na ukaguzi ni Jumamosi, naomba Jumapili ya wiki hii iletwe Ijumaa. Nimefikiria, haitamuumiza mtu. Watakaolalamika waambie ni mara moja tu.

(c) Wiki inayofuata utoe makala nyingine. Nimepiga hesabu: ile kubwa hubeba mzigo wa kilo sita. Mjomba ana kilo sabini na nane. Sabini na nane kwa sita ni kumi na tatu, wala haibaki hata moja, hesabu yenyewe inataka. Mkanda wake wa usalama una pete za kutosha. Mzee angekagua paa lolote akiwa amekaa angani kwenye kiti, chai mkononi, goti likining'inia bila lawama. Kichwa cha habari nimeshakuwekea: "Droni Zako Kumi na Tatu za Kwanza".

(d) Ukishindwa (a), (b) na (c), basi Jumamosi saa mbili asubuhi uje wewe mwenyewe kiwandani kushika ngazi. Uvae viatu visivyoteleza. Usije na kamera.

Natarajia hekima yako, maana mtu anayeandika "anayeanza" mara kumi na tisa bila kuchoka lazima ana subira. Wasalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mchora katuni, anayefagia, anayepokea simu, na yule aliyeiandika makala kama si wewe, ila yeye msalimie mwisho. Mkaza mjomba anawasalimu. Dada Chaja anawasalimu, anauliza kama mnapokea matangazo. Kinyozi hasalimu mtu.

Wako mwenye haraka na heshima,

Chapuchapu,
fundi paa, mpwa wa fundi paa

N.B. Naandika haya nyuma ya bahasha, Jumamosi jioni. Barua ilikaa mfukoni mwa ovaroli tangu Jumatano, kwa kuwa haraka ya kuiandika ilimaliza haraka yote niliyokuwa nayo ya kuiposti. Naituma hivyohivyo, stempu imeshabandikwa.

Tulikwenda kiwandani na ile ndogo. Upepo ulikuwepo. Ilitikisika kidogo, ikasimama pale angani kama picha ukutani. Mjomba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu kiganjani, taulo kichwani ili aone kioo vizuri, akawa ananipigia kelele: "Kushoto! Kushoto yako wewe, si yangu! Shuka! Basi, basi, hapohapo!" Palikuwa na safu nzima ya misumari iliyopigwa bila vipira vyake vya kuzuia maji. Maji yanaingia kama yamealikwa. Kamera ni safi mno, hata alama ya penseli ya fundi ilionekana pembeni ya bati, na penseli ni yangu. Nilikuwa nimeipiga safu ile mwaka jana siku niliyokuwa nataka kuwahi mpira. Mjomba alinitazama chini ya taulo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akainuka, akaichukua ngazi, akanikabidhi mimi, na rimoti akaichukua yeye. "Panda," akasema. "Mimi nitakuangalia."

Nikapanda, nikapiga upya misumari hamsini na sita, huku kitu kidogo kikinizunguka kisogoni na sauti ya Mjomba ikitoka kule chini: huo umepinda, huo pia, rudia huo.

Kwa hiyo (a), (b), (c) na (d) usizifanye. Jumapili iache Jumapili. Ile ndogo tumeichukua. Tatizo ni kwamba tangu saa tisa Mjomba yuko kwenye uwanja wa nyuma, hataki kula, hataki kuitwa, anaipitisha katikati ya kamba za nguo na kucheka peke yake, na goti hajalitaja hata mara moja. Kama una makala kuhusu jinsi ya kumnyang'anya mzee rimoti kwa adabu, tafadhali itoe upesi. Ichape kubwa. Nitaibandika mwenyewe.