Sauti Nambari Kumi na Moja

Jumatatu, 10 Februari 1986. Kōenji, Tokyo.

Naliweka dai langu wazi tangu mstari wa kwanza, ili atakayeisoma shajara hii nikiwa marehemu asipate taabu ya kulitafuta: sauti inayokuja ndani ya kinanda kutoka kiwandani si muziki, na mtu anayeibonyeza vile vile ilivyo, kisha akaipigia wimbo wa mapenzi au picha ya filamu, si mwanamuziki. Ni mbonyezaji. Nitalitetea dai hili mbele ya yeyote.

Nimelitetea leo saa nne asubuhi. Mpaka sasa sijapoa kwa mshtuko.

Tulikuwa studio, kwa Mwalimu Igarashi, mtunzi wa muziki wa filamu. Mimi ni msaidizi wake tangu Aprili. Kazi yangu rasmi ni kubeba vinanda, nyaya na kahawa. Kazi yangu halisi ni kufikiri. Filamu iliyopo mezani: mpokea simu wa kike huko Aomori anaipenda sauti ya mwanamume ambaye hajapata kumwona. Mwisho wanaagana stesheni, theluji inaanguka, dakika mbili na sekunde kumi bila neno. Mwongozaji, Bwana Ushijima, akasema hapo anataka sauti ambayo sikio la binadamu halijawahi kuisikia, ila binadamu huyo akiisikia tu, alie.

Bi. Minegishi akanyoosha kidole kuelekea kitufe.

Bi. Minegishi Kaoru ndiye mchezesha mashine wetu. Siku hizi kila studio ya Tokyo ina mtu wa namna hiyo. Mtunzi anatunga, yeye anajua vitufe. Amesomea piano. Falsafa hajasoma hata ukurasa. Ukimwomba sauti ya huzuni, anabonyeza sauti nambari kumi na moja, ile piano ya umeme yenye mlio wa vioo, na chumba kizima kinasema "aaah". Mlio huo umo katika kila wimbo wa kuachwa unaopigwa redioni, kila tangazo la sabuni, kila mkahawa kutoka hapa hadi Sapporo. Nikasimama. Nikasema kwa dakika kumi na mbili. Nilipofika kwa Wagiriki, Bwana Ushijima alimuuliza Mwalimu kama kijana huyu analipwa kwa neno au kwa saa.

Mwalimu akapangusa miwani yake na kutoa hukumu. Haya, Profesa, lete sauti yako Ijumaa. Ikipita, jina lako litapanda kwenye pazia mwisho wa filamu, peke yake, kwa herufi za watu wazima. Isipopita, ukae kimya mpaka maua ya cheri yachanue.

Bi. Minegishi akacheka, akaniambia nisisahau kula.

Kuambiwa kula! Mimi!

Jumanne, 11 Februari. Sikukuu.

Mwenye nyumba alipanda kuniita kwenye simu. Baba, kutoka Makinohara.

Hakusalimu sana. Aliuliza kama ninavaa soksi mbili. Kisha akanikumbusha kwamba tulipeana mwaka mmoja, kwamba mwaka unaisha Machi, na kwamba mashine ya kufukizia majani ya chai kiwandani kwetu inataka mtu kabla ya mchumo wa kwanza. Halafu akasema jambo lililoniacha nimeshika simu kama mtu aliyeshika samaki hai. Yeye na mama wamekwenda sinema mara tatu ndani ya mwaka huo kutazama kazi za Mwalimu wangu. Kila mara wamebaki vitini mpaka jina la mwisho lipite, mpaka mfagiaji awainulie miguu. Mama anasoma kwa sauti. Jina letu halipo.

"Ukitokea kwenye hii, baki hukohuko Tokyo, sitakuita tena," akasema. "Usipotokea, panda treni." Akauliza kama wanaowapa wacheza filamu chai huandikwa.

Nilimjibu kwamba sanaa haipimwi kwa majina yanayopanda kwenye pazia. Akasema yeye anajua hivyo, ila mama amenunua miwani mipya.

Nimeanza kazi papo hapo. Nimeazima kinanda cha akiba cha studio na kukilaza juu ya meza yangu ya kupashia miguu moto, maana chumba hiki hakina mahali pengine pa kulaza kitu. Mkakati wangu ni wa kijeshi: sitaanza na ukurasa mtupu. Nimeiita sauti nambari kumi na moja yenyewe, nami nitaibomoa tofali kwa tofali kwa kubadili namba zake, mpaka adui asiitambue nyumba yake.

Mashine hii haina vifundo vya kuzungusha. Ina vitufe bapa kama vigae na kijidirisha kimoja chenye mstari wa herufi. Ndani mna mawimbi sita, moja likilitikisa jingine. Unabadili namba, unabonyeza funguo, unasikia. Wenzangu huikimbia kazi hii. Ndiyo sababu nchi nzima inalia kwa sauti ileile moja. Mimi siogopi namba. Tasnifu yangu ilikuwa na tanbihi mia nne na sita.

Jumatano, 12 Februari.

Maafa!

Nimebadili namba sabini na tatu. Sauti sasa ni ya paka aliyefunikwa ndoo. Nikaongeza wimbi la nne. Paka akawa wawili. Bibi wa chumba cha chini amegonga dari yake kwa mpini wa ufagio, kisha akapanda mwenyewe kuniuliza, kwa adabu inayochoma kuliko matusi, kama niko peke yangu na kama kuna mtu anayehitaji daktari.

Nikatoka kwenda mkahawani kuyapumzisha masikio. Nimeketi saa moja. Nyimbo kumi na nne zilipita redioni. Tisa zilikuwa na nambari kumi na moja! Nikamwendea mwenye mkahawa na kumtaka, kwa niaba ya ustaarabu, aizime redio ile. Akasema afadhali azime jiko. Msichana wa meza ya dirishani alikuwa akifuta machozi wimbo wa tisa ulipopigwa. Nikamweleza kwamba amedanganywa na kiwanda. Akahama meza.

Alhamisi, 13 Februari.

Nimefanikiwa!

Mchana, saa saba unusu, nilikuwa nimekata tamaa. Paka walikuwa watatu. Nikanyoosha mkono kuchukua chungwa ng'ambo ya kinanda. Upindo wa koti langu la pamba, lile pana alilonishonea mama, ukajiburuta juu ya vitufe. Nikamenya chungwa. Nikala. Kwa uchungu tu, bila tumaini, nikabonyeza ufunguo mmoja.

Mbingu!

Kengele. Kioo. Maji yanayoganda huku yakiimba. Nilibaki nimeachama na kipande cha chungwa mdomoni. Na jambo la kutisha zaidi: niliposikia, nilihisi nimewahi kuijua sauti ile kabla ya kuzaliwa. Wagiriki wamelieleza jambo hili. Nafsi haijifunzi ukweli, inaukumbuka.

Nikaijaribu kwa ukatili. Nikapandisha namba hii, nikashusha ile. Uzuri haukutikisika hata kidogo! Kila nilichogusa, sauti ilibaki ileile. Nimesoma mahali kwamba kazi iliyokamilika haiongezeki wala haipungui, lakini sikutarajia kulithibitisha kwa kidole. Nambari kwenye kijidirisha ilianza kupepesa, inawaka inazima, inawaka inazima. Naichukulia kuwa ni makofi.

Mashine ina siri zake. Sikuthubutu kugusa kitufe kingine. Nimeirekodi sauti hiyo kwenye kaseti, kipande cha dakika tatu, nikaandika ubavuni kwa wino: ASAKAWA YASUNORI. Nimempigia baba. Nimemwambia, kwa simu ya studio, mama afute miwani.

Ijumaa, 14 Februari.

Siku ya aibu ya taifa.

Asubuhi, kabla ya lolote, Bi. Minegishi alipita studio akigawa chokoleti kwa wanaume wote, kama wafanyavyo wanawake wa maofisini tarehe hii. Mwalimu akapata. Bwana Ushijima akapata. Fundi wa taa akapata. Mimi nikapata. Nilishtuka, nikamuuliza kama anadhani hoja inaweza kununuliwa. Akasema ni chokoleti ya wajibu, Profesa, hata mlinzi amepewa, kula tu.

Kisha kaseti ikawekwa. Theluji ikaanguka kwenye pazia. Sauti yangu ikapanda.

Bwana Ushijima, mtu wa miaka hamsini na nane, aliyewahi kumrushia mwigizaji kiatu, alitoa leso. "Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hiihii. Inanikumbusha… sijui inanikumbusha nini." Nikamwambia ni kabla ya kuzaliwa. Mwalimu Igarashi alinitazama, akaitazama kaseti, akanitazama tena. Nikadhani ni heshima.

Akamwomba Bi. Minegishi aipige moja kwa moja na picha, kwa vidole. Nikainuka kumpa daftari la namba zangu. Hakulitaka! Alikwenda kwenye kinanda chake, akabonyeza mara moja, akaketi, akapiga. Ni ileile! Kengele ileile, kioo kilekile!

Niseme kweli: nilipiga kelele. Nikasema wizi! Nikasema jana sauti hii ilikuwa chumbani kwangu chini ya chungwa, leo imefikaje kwenye mashine ya huyu dada? Nikainua ile chokoleti juu, nikaitaja kuwa kielelezo cha kwanza. Nikadai mlango ufungwe, mtu asitoke.

Hakuna aliyekuwa akitoka. Fundi wa taa alikaa chini ili aone vizuri.

Bi. Minegishi hakukasirika, na hilo ndilo nisilomsamehe. Aliniuliza, kama muuguzi: nambari ilikuwa ikipepesa? Nikasema ndiyo, kwa kunishangilia. Akafumba macho kidogo. Akanieleza kwamba kuna kitufe cha kulinganisha. Ukiwa katikati ya kubadili sauti, ukikigusa, mashine inakurudishia ile ya asili uisikie, upime umetoka wapi, na nambari inapepesa kukukumbusha kwamba unachosikia si chako. Ukibadili namba wakati huo, hakibadiliki kitu.

"Hiyo ni kumi na moja, Profesa," akasema. "Imekuja na mashine."

Mwalimu alikuwa amegeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Hakuwa akilia.

Nikamgeukia Bwana Ushijima, mtu wa mwisho mwenye akili chumbani. Nikamkumbusha kwamba alitaka sauti isiyowahi kusikika. Akapenga kamasi, akasema yeye alitaka watu walie, na watu hulia kwa kitu wanachokijua. Iwekwe hiyohiyo. Apige huyu dada.

Jumamosi, 15 Februari.

Sijala chokoleti. (Nimeila. Ilikuwa na lozi.)

Leo Bi. Minegishi amenifuata ghalani, nikizungusha nyaya. Amesema amezungumza na Mwalimu. Orodha ya majina inakwenda kiwanda cha filamu Jumatatu, na bado kuna nafasi mstari wa chini: Nyaya na Usafirishaji wa Vinanda, Asakawa Yasunori. Jina kamili. Amesema anajua habari za mama na miwani. Eti nilizisimulia Alhamisi kwa simu ya ofisini kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Nikashtuka mpaka waya ukaniponyoka. Nyaya! Nikamuuliza kama mjenzi wa hekalu huandikwa kwa kubeba ngazi. Akasema mjenzi hapana, ila mbeba ngazi huandikwa mbeba ngazi, na mama yake akiona atafurahi vilevile. Nikamjibu kwamba nitakubali neno moja tu: Mvumbuzi.

"Asakawa," akasema, na ndiyo mara ya kwanza ameniita kwa jina, "herufi zinakuwa ndogo mno pale chini. Mama yako hatasoma kazi. Atasoma jina."

Nikasema hapana.

Akafika mlangoni. Akauliza kama nina hakika. Nikasema mtu mwenye hoja haulizwi mara mbili. Akaenda zake.

Jumatatu, 17 Februari. Stesheni ya Tokyo, jukwaa la kumi na tatu.

Orodha imekwenda saa tatu asubuhi bila mimi. Nimempigia baba. Aliuliza treni inafika saa ngapi, basi. Nyuma yake nikamsikia mama akiuliza wameniandika wapi, juu au chini. Baba akamwambia atamweleza baadaye.

Dakika ishirini zimebaki kabla ya kuondoka, nazo zinatosha kulinakili hapa neno kwa neno tangazo nililolituma kwa posta sasa hivi kwa jarida letu la vinanda, kwa mhariri, lichapwe ukurasa wa mbele:

"Bwana Mhariri. Mimi, kwa siku tatu za fikra safi, niliianza sauti nambari kumi na moja, nikaivuka, nikaifikia tena. Wengine huibonyeza, mimi nimerejea kwake kwa njia ya akili. Mtu aliyeifikia sauti kwa kufikiri ndiye mwenye sauti hiyo, hata kama wengine waliitangulia kwa bahati ya kuajiriwa kiwandani. Kwa hiyo kila wimbo wa huzuni unaopigwa leo katika nchi hii unatumia mali yangu. Nakitaka kiwanda, wahandisi wake wote, Mwalimu Igarashi, Bwana Ushijima na hasa Bi. Minegishi Kaoru, wajibu hoja hii hadharani, kwa majina yao kamili, katika toleo la Machi. Kimya nitakihesabu kuwa ni kukiri. Majibu yatumwe Kiwanda cha Chai cha Asakawa, Makinohara, Shizuoka. Ikiwa nitakuwa kwenye mashine ya kufukizia, mama atapokea. Andikeni kwa herufi kubwa."