Pacha wa Marehemu

Jumatatu, 4 Agosti
Shangazi Muzdalifa, mwenye banda la video hapa Kibiti, kaleta sinema mpya. Mashujaa saba wa sinema saba, wote ndani ya moja. Mtafsiri ni mimi. Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini maikrofoni naiweza. Shangazi kaonya kuwa watu wakitoka kabla ya mwisho, maikrofoni anampa yule kijana Mudrick. Mudrick! Huyo hata mbuzi hajawahi kunadi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeitazama peke yangu. Balaa. Yule mwenye barakoa nyekundu yumo, mzima wa afya. Na mimi nilishamuua Ijumaa iliyopita, kwenye sinema yake mwenyewe. Umeme ulikatika akiwa anaanguka toka ghorofani, nikatangaza kafa papo hapo. Watu wakasema innalillahi, wakaenda zao makwao. Umeme uliporudi nikaona si vyema kuwasumbua.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata dawa. Pacha. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti
Banda limejaa. Mmoja katoka barafuni, mwingine nyotani, ghafla wako meza moja. Sinema yenyewe haielezi. Nikasema walikutana darajani Ndundu wakisubiri basi la Lindi. Hakuna aliyebisha. Mtu kapaa, wakatazama tu. Jitu likameza mwezi, watu wakaendelea kutafuna karanga. Akatokea marehemu, nikasema ni pacha wake. Wakapokea.

Kisha mjane wa marehemu akamkumbatia huyo pacha. Mzee Sadallah akasimama, akauliza huyu mwanamke katoka eda lini, maana mumewe kafa Ijumaa iliyopita na sote tulikuwepo. Nikasema kumbe alikufa mwaka jana, taarifa ndiyo ilichelewa. Bi Mwanaharusi akataka kujua shemeji anamshika vile kwa ruhusa ya nani. Mwingine akaulizia mirathi. Nikasema inashughulikiwa. Wakatoka wote, na karanga zao.

Imeniuma sana. Bila maikrofoni hakuna mtu Kibiti anayenisikiliza.

Jumamosi, 9 Agosti
Mudrick katafsiri. Alipotokea mwenye barakoa, kasema waziwazi kuwa hajui huyu kafufukaje. Watu wakacheka, wakakaa hadi mwisho. Kijana hana aibu.

Jumapili, 10 Agosti
Nimekwenda kwa Shangazi kuomba maikrofoni yangu. Nimemweleza kwa utulivu kwamba aliyetafsiri Ijumaa si mimi, ni pacha wangu. Kasema siku niliyozaliwa alikuwa chumbani, alinipokea kwa mikono yake mwenyewe, nami nilikuwa mmoja.

Nimemuuliza, kwa heshima zote, kama hakuondoka mapema.