Uzinduzi wa Kituo cha Kukagua Programu za Linux, Kipatimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mwenye nafasi kuharibikiwa na gari Somanga; waheshimiwa mliofika na mliotuma udhuru; masheikhe wetu na padri wetu; mwenyekiti wa kamati ya maandalizi na mwenyekiti wa kamati ya kuisimamia kamati hiyo; wazee wangu, shikamooni. (Marahaba, za kuhesabika.) Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. (Wanaitikia wote kwa mpigo.) Ambaye sikumtaja ahesabu nimemtaja kimoyomoyo.

Ndugu wananchi, mimi Mratibu wa Kanda wa Mageuzi ya Kidijitali, Ufuatiliaji na Tathmini ya Ufuatiliaji, ninayo furaha isiyo na bajeti. Mtakumbuka msimu ulipofunguliwa, kompyuta mpya ya ghala hili la korosho, ile ndogo inayotumia mfumo wa Linux, iliikataa programu ya kupokelea mzigo niliyowaletea kutoka mjini, na bila programu hiyo hakuna gunia linalopokelewa wala kusafirishwa. Karani wa ghala, Bi Brigita, akaniandikia barua tatu. Mimi ni msikivu, nilisoma moja. Alieleza kwamba programu ilijengwa kwenye kompyuta yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya aina moja, na hii ya ghala ina prosesa ya aina nyingine isiyoelewa maagizo ya ile, kwa hiyo ijengwe upya na ikaguliwe kabla ya kuletwa. Akamtaja na fundi, Bwana Optatus wa Mtanda kule Lindi, ambaye angeimaliza kazi hiyo kwa mchana mmoja, akiifanya kompyuta yake iigize prosesa ya hapa. (Mama mmoja nyuma: "Sasa si angeitwa tu?") Maswali ni baada ya chakula. (Minong'ono: kumbe kuna chakula.)

Mchana mmoja, ndugu zangu! Mchana mmoja una mpango mkakati? Una fremuweki? Una semina elekezi? Nikamwambia Bi Brigita asiidharau serikali namna hiyo. Akanijibu, na namnukuu ili mjue uvumilivu wangu: "Mheshimiwa, mvua inakuja na korosho za watu zimelala hapa. Mimi nataka mashine iwake tu."

Nikaunda kamati ya wataalamu kumi na wanane chini ya Mzee Twalib, mpasuaji wa korosho kwa miaka thelathini, kwa kuwa kanuni ya ghala inasema bayana kwamba kila kinachoingia humu kinapimwa ubora kwa utaratibu wa korosho, na hakuna mahali imeandikwa isipokuwa Linux. Programu ilikuwa ndani ya flashi. Tukaianika mkekani siku mbili, tukiigeuza. Unyevu ukashuka. Siku ya tatu tukaitumbukiza ndooni, maana mnajua wenyewe korosho mbovu huelea, nayo ikazama. (Makofi.) Ikazama kwa asilimia mia moja! Mwisho Mzee Twalib akaipasua katikati kwa kisu, asione mdudu wala ukungu. Daraja la kwanza. (Vigelegele kutoka meza ya kamati.) Bi Brigita akakabidhiwa vipande vyote viwili pamoja na cheti. Nasikia aliuliza avichomeke wapi. Cheti kitundikwe ukutani.

Kwa mafanikio hayo, Kituo hiki kitakagua programu mia nne kwa saa, kitaajiri vijana elfu moja na mia mbili, wakiwemo wasiozaliwa, na ifikapo mwaka 2031 kila kaya ya Umatumbi itakuwa na prosesa yake na nyingine ya akiba. Nani mwingine angeyafikiria haya? Mimi mwenyewe nilishangaa. (Ngurumo kwa mbali. Watu wanatazama bati.)

Nikisema Linux, mseme daraja la kwanza. Linux! (Sauti moja: "Mvua hiyo.")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bi Brigita kwa kutuazima ghala lake, kwa kuwa Kituo chenyewe hakina kiwanja, wala ramani, wala barua ya kukianzisha, na lile jengo zuri pichani nyuma yangu ni hoteli, tumelitoa kwenye kalenda. Nawashukuru wabebaji waliotoa magunia yote nje jana ili viti vyetu mia tatu vienee. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi wakulima, mlioridhia maturubai yenu yatolewe juu ya korosho yakafunike gari langu, lisichafuliwe na kuku.

(Mvua inashuka juu ya bati. Viti vinaanguka, watu wanatoka mbio, Bi Brigita mbele.)

Naona mmesimama kunishangilia. Ahsanteni, inatosha, kaeni. Mzee Twalib, nawe? Kaeni, jamani, chakula kipo. Bi Brigita, hilo turubai liache, mama! Nimeacha madirisha wazi, na hotuba ya kuzindua awamu ya pili iko humo humo kwenye kiti.